Gari Jekundu na Mwalimu Aliyefuma Sweta

Kwanza niwaondolee wasiwasi. Sijaoa mke wa pili. Sijabatizwa. Gari bado ninalo, na halina mkwaruzo mpya isipokuwa mmoja chini ya tumbo, ambao nitaueleza tukifika Ol Kalou.

Tangu nirudi, kila anayekuja dukani kununua mkate anasimama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, ananitazama, kisha anauliza, "Idrisa, kwani ilikuwaje?" Nimesimulia mara nyingi hadi donge likaumuka na kumwagika nje ya bakuli. Basi nimeandika. Someni, kisha mniache nioke.

Gari mnalijua: jekundu, viti viwili, paa la turubai linalokunjwa nyuma, na liko chini kiasi kwamba ukishuka unajihisi unatoka kisimani. Nililitamani tangu nikiwa kijana. Mambo ya kulinunua nayaacha, hayana utamu. Utamu ulikuwa wiki tatu za kwanza, nilipokuwa nikizunguka mjini na kudhani najua kuendesha. Nimeendesha gari la mikate miaka ishirini na sita. Nani angeniambia kitu?

Kona ya kuteremkia Subukia ndiyo iliyoniambia. Ilikuwa Jumapili, mvua nyepesi imenyesha, na mke wangu Mwanaidi ameketi kando yangu. Niliingia kwenye kona kwa spidi, nikaona imekaza kuliko nilivyodhani, nikakanyaga breki katikati. Sehemu ya nyuma ya gari ikatangulia mbele. Tulizunguka nusu duara, tukasimama kwenye nyasi tukitazama tulikotoka. Hakuna aliyeumia. Mwanaidi alifungua mlango, akashuka, akasimamisha gari lililobeba kabeji, akarudi nalo Nakuru. Kaka yake alifia barabarani, hilo wengi wenu mnalijua. Jioni aliniambia maneno machache tu: "Hilo gari ukitaka kulibakisha, lijue. Mimi sipandi mpaka nitakapotaka mwenyewe."

Wiki iliyofuata akaniletea mwalimu.

Nakuru hadi Bahati

Mwalimu Wambui alifika langoni Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ni mama wa karibu miaka sitini, mfupi, mwenye miwani ya jua na kikapu. Mwanaidi alimpata kupitia kwa mteja anayemshonea nguo. Kwa miaka mingi aliendesha malori ya maua kutoka mashamba ya Naivasha hadi uwanja wa ndege Nairobi, na sasa anafunza madereva wa malori hayo. Mpango wao wawili ulikuwa siku tatu: kupanda Nyahururu, kupitia Ol Kalou na Kinangop, kushukia Naivasha kwake, kisha mimi nirudi nyumbani peke yangu.

Aliingia, akafunga mkanda, akatoa kikapuni sindano mbili ndefu na sufu ya kijani. Akaanza kufuma.

"Haya, Baba Salma. Twende."

"Mwalimu, huniambii sheria?"

"Sheria ni moja. Nikiangusha kitanzi kwa sababu yako, tunasimama mpaka nikiokote."

Nilicheka. Nikawasha, nikaachia klachi, gari likaruka kama limechomwa. Sindano ikamtoka mkononi.

"Simama," akasema.

Tulikuwa bado mbele ya lango langu. Mwanaidi alikuwa barazani na kikombe cha chai, akatazama pembeni kwa heshima.

Kabla ya kufika barabara kuu tulikuwa tumesimama mara tatu. Mara ya tatu alikuja jamaa wa boda, akainama dirishani.

"Mathe, gari imewakwamia?"

"Hapana," Mwalimu akajibu bila kuinua kichwa. "Anajifunza."

Jamaa alinitazama ndevu zangu zenye mvi, akatazama gari. "Na hii gari? Aki ya Mungu, watu wako na raha zao."

Kisha Mwalimu aliniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. "Unakaa kama mtu anangoja kunyolewa," akasema. Akanisogezea kiti mbele hadi magoti yakakunjika, akaniamuru nishike usukani kwa mikono yote miwili. Hapo ndipo nilipogundua tabia yangu ya miaka ishirini na sita: mkono mmoja usukani, mwingine nje ya dirisha nikiwaamkia wateja. Kutoka mjini hadi Bahati niliitwa jina langu mara tano, na kila mara nilitaka kuinua mkono.

"Wanakuita," Mwalimu akasema. "Watakuita hata kwa mazishi. Shika usukani."

Bahati ni karibu. Kwa kawaida nafika kabla mikate haijapoa. Siku hiyo ilituchukua saa mbili, na sweta lilikuwa limesonga mbele upana wa vidole viwili tu.

Kona ya Subukia

Nilianza kutokwa na jasho kabla hatujaiona. Mwalimu alijua. Mwanaidi alikuwa amemwambia kila kitu.

"Egesha hapa juu," akasema. "Tunashuka kwa miguu."

Tuliitembea ile kona kama watu wanaokagua shamba. Alinionyesha mahali lami imelala upande, mahali maji hupita, mahali changarawe hujikusanya. "Breki unamalizia hapa," akasema, akisimama mbali sana kabla ya kona. "Gia unashusha hapa. Ukishaingia ndani, miguu yako iwe imeshamaliza kazi. Hii gari inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukiishtua katikati ya kona, nyuma inakimbia. Haikuchukii. Imeumbwa hivyo."

Chini kidogo palikuwa na mama anayeuza parachichi mezani. Aliponiona alishika kiuno.

"Wee! Si wewe ni ule wa kuzunguka?"

Nikakubali.

"Unaona hii meza?" akasema. "Ilikuwa pale." Akaonyesha penye kivuli kizuri, karibu na barabara. "Nilihamisha kwa sababu yako. Sasa nauzia jua."

Jamani, mimi nilikuwa nimehesabu mambo ya siku ile kwa upande wangu tu: aibu yangu, tairi zangu, mke wangu. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu amehamisha meza yake. Nilimwomba msamaha, na sikujua pa kuweka mikono.

Nilirudi garini, nikaiendesha ile kona. Mara ya kwanza polepole kama napeleka mayai. Nikageuza chini, nikapanda, nikateremka tena. Mara ya pili kitanzi kilianguka. Mara ya tatu kilianguka nusu, Mwalimu akakishika hewani. "Macho yako," akasema. "Unaangalia ile nyasi ulikotua. Gari inaenda mahali unaangalia. Angalia mwisho wa kona, mahali unataka kutokea." Mara ya nne niliangalia kule, na kitu cha ajabu kikatokea: mikono yangu ikageuza usukani yenyewe, kidogo kidogo, bila kuvuta wala kurudisha. Gari lilipita kama kisu kwenye siagi. Nilipiga kelele. Nina miaka hamsini na minne, na nilipiga kelele kwenye gari.

Ya tano na ya sita zilikuwa za raha tu.

Tulipokuwa tunaondoka nilisimama kununua parachichi. Yule mama aliinua meza yake, akaisogeza hatua mbili kuelekea kwenye kivuli.

"Hatua zile zingine," akasema, "nitasogeza ukirudi hivyo tena."

Nyahururu, na chanzo cha uvumi

Kwa sababu ya kona nilichelewa swala ya Ijumaa. Niliingia msikitini hotuba ikielekea ukingoni, nikaswali, nikatoka nimetulia. Mlangoni nikakutana na Mzee Hamisi, yule anayeuza maturubai karibu na soko letu, alikuwa amepeleka mzigo Nyahururu. Tulisalimiana. Halafu macho yake yakavuka barabara. Pale lilikuwa gari langu, paa wazi, na ndani ameketi mwanamke mwenye miwani ya jua anakula kiazi kitamu.

"Idrisa, yule ni nani?"

Nilikuwa na haraka. "Mwalimu wangu."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa kona."

Ningesema wa udereva, hadithi hii ingekuwa fupi. Mzee Hamisi, kama mtu mwema anayejali nyumba za wenzake, alimpigia simu Mwanaidi kabla sijavuka barabara. Alimweleza kwa upole kwamba ameniona na mwanamke. Mwanaidi alikuwa na kitambaa chini ya sindano ya cherehani, hakutaka maneno marefu. Akamjibu, "Namjua. Nilimchagua mimi mwenyewe," akakata simu.

Kwa hiyo wale mliosikia kwamba mke wangu amenichagulia mwenzake, hapo ndipo mlipoipata. Kufika alasiri, mtaa wetu wote wa Bondeni ulikuwa unamsifu Mwanaidi kwa moyo wake mkubwa.

Mwalimu alilala kwa dada yake, mimi nikapanga chumba karibu na stendi. Baridi ya Nyahururu ilinifanya nilale na koti, na asubuhi chai ilikuja na maziwa mengi hadi nikaomba majani.

Ol Kalou: bibi harusi kwenye matope

Jumamosi ilianza vizuri mno. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, lakini lami ilikuwa imekauka, mashamba ya viazi kijani pande zote. Kutoka Nyahururu hadi karibu na Ol Kalou hatukusimama hata mara moja. Sweta lilikuwa limepata mkono mmoja. Nilikuwa nimeanza kujisifu moyoni, na huo ndio wakati mwanamke mwenye kitenge na kofia kubwa ya sherehe alipokimbilia katikati ya barabara akipunga mikono yote miwili.

Nilifunga breki vizuri, nashukuru. Nilidhani kuna ajali.

"Boss! Boss! Tafadhali! Bibi harusi ako kwa matope!"

Alikuwa shangazi wa bibi harusi. Kwenye njia ya pembeni niliona gari refu jeupe lenye utepe, limezama hadi mlangoni, na wanaume wamevua makoti wanalisukuma bure. Bibi harusi alikuwa amesimama juu ya gunia, gauni amelikusanya mikononi kama mtu aliyebeba wingu, na uso wake ulikuwa umekata tamaa. Kanisa lilikuwa mbele, kilomita kadhaa za lami na kipande kingine cha udongo. Bwana harusi alikuwa ameshapiga simu mara nne kuuliza kama amekataliwa.

"Hii yako ni ndogo," shangazi akaniambia, "lakini inang'aa. Inatosha."

Viti ni viwili. Nilimgeukia Mwalimu, naye alikuwa ameshashuka na kikapu chake, anapanda nyuma ya pikapu ya wageni wa harusi pamoja na mashangazi.

"Mwalimu! Nitaendaje peke yangu?"

"Hauko peke yako," akasema. "Uko na bibi harusi."

Aliitwa Nyokabi. Kumwingiza garini ilichukua watu watatu. Gauni lilijaa kila mahali, likapanda hadi kioo, likanifunika mguu wa kushoto. Nilipotaka kuondoka nikakuta sina gia.

"Samahani, dada," nikasema, "gia iko chini ya gauni lako. Naomba ruhusa."

Alicheka, cheko la kwanza la siku yake nadhani, akaikunja ile nguo pajani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, naomba kitu moja. Usinirushe. Ule wa kwanza alikuwa anashika breki kama anaua nyoka. Nimetapika mara mbili, na hata sijala."

"Hutarushwa," nikasema. Ningependa mjue nilisema hivyo nikiwa sina uhakika wowote.

Niliendesha kama sijawahi kuendesha maishani. Nilianza kupunguza spidi kabla sijahitaji. Nilibadilisha gia nikisubiri injini ikubali. Hapakuwa na sindano kando yangu za kunihukumu, nikajikuta nasikiliza pumzi ya yule binti badala yake. Mwanzoni ilikuwa fupi fupi. Baada ya muda ikarefuka.

Tulipoacha lami njia ilikuwa matope mekundu yenye mifereji ya matairi ya trekta. Gari langu likiingia kwenye mfereji lingelala pale mpaka kiangazi. Nikaweka magurudumu juu ya matuta, upande mmoja na mwingine, kama mtu anatembea juu ya kuta mbili. Mahali pamoja tumbo lilikwaruza jiwe. Ndio ule mkwaruzo. Mbele kidogo njia ikapinda kushoto kuelekea kanisani, na nikahisi kitu ninachokijua: nyuma inaanza kuondoka.

Mguu wangu ulitaka breki. Naapa, uliinuka kabisa kwenda. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa kanisa, na sikuyatoa pale. Nililegeza mafuta taratibu, nikageuza usukani kidogo kuifuata nyuma, nayo ikarudi mahali pake. Nilitazama kando kuona kama Nyokabi ameogopa.

Alikuwa anapaka rangi ya mdomo. Amekishusha kioo kidogo cha juu, mdomo umekaa wazi, mkono umetulia. Hakuona kitu. Na mstari ulikuwa umenyooka kabisa.

Watu walipoona gari jekundu linatokea na shela jeupe linapepea, vigelegele vilipasuka. Nilishuka kumfungulia mlango. Kabla sijarudi nyuma, kijana mwenye orodha mkononi akanibandika ua kifuani, akanishika kiwiko. "Baba, harakisha, wamengoja sana." Nikajaribu kueleza. Kwaya ilikuwa imeanza, hakunisikia. Nyokabi alinishika mkono, akaninong'oneza, "Mzee, tutembee tu. Nikisimama nitalia." Basi tukatembea. Mimi na kofia yangu ya kufuma, ua kifuani, katikati ya kanisa la watu, nikimpeleka binti nisiyejua jina la babake. Simu zilikuwa juu kila upande.

Tulikuwa karibu kufika mbele baba mwenyewe alipoingia mbio, suruali imejaa matope hadi magotini. Aliniamkia kwa heshima zote, nikamkabidhi mkono wa mwanawe, kanisa zima likacheka na kupiga makofi. Wale mlioona ile video iliyokatwa kabla ya baba kuingia, na mkasema nimeoa, au nimebatizwa, au yote mawili kwa siku moja, sasa mnajua.

Hawakuturuhusu kuondoka bila kula. Nilipewa mukimo wa viazi na mahindi, maharagwe meusi ya njahi na chapati, na mwanamume mmoja akanieleza kwa kirefu, akidhani mimi ni mchungaji mgeni, matatizo ya paa la kanisa. Nilimsikiliza hadi mwisho. Ningefanya nini?

Kinangop hadi Naivasha

Tulichelewa kuondoka, na Kinangop haisubiri mtu. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima tangu adhuhuri. Tulipoanza kuteremka kuelekea Naivasha, mvua ya mawe ilishuka yote kwa mara moja. Juu ya turubai ilikuwa kama mtu anamwaga maharagwe kwenye sinia. Sikuona zaidi ya gari lililokuwa mbele, pikapu ya maziwa.

"Acha nafasi," Mwalimu akasema.

Nikaacha.

"Ongeza."

Nikaongeza, nikaona aibu, maana magari yalinipita na kujaza nafasi yangu, nami nikaacha nyingine. Nilishusha hadi gia ya pili, nikaacha injini ishikilie mteremko badala ya breki.

Ndipo taa zikatokea mbele yangu. Lori lilikuwa linapanda, limeamua kulipita lori lenzake kwenye kona, na lilikuwa upande wangu. Sina maelezo marefu ya hapo. Nafasi ilikuwepo kwa sababu niliiacha. Nilitazama kando ya barabara, si lori, nikapeleka gari kule, magurudumu mawili kwenye nyasi, bila kushtua chochote. Lori lilipita na upepo wake ukatutikisa. Kisha tukawa tumesimama, na mvua ya mawe ikaendelea kama hakuna kilichotokea.

Nilimtazama Mwalimu. Sweta lilikuwa miguuni, na safu nzima ya vitanzi imefunguka.

"Nimekuangushia," nikasema.

"Hizo nimeangusha mwenyewe." Hakuliokota. "Baba Salma, mimi nimewahi kuwa hiyo lori. Hapa hapa Kinangop, nikiwa nimechukua waridi za watu, nimechelewa ndege. Nilipita kwa kona. Gari ndogo iliingia mtaroni kunikwepa. Niliiona kwa kioo, na sikusimama. Niliogopa kupoteza kazi."

Nikamwuliza kama walipona.

"Walitoka wazima. Nilisikia baada ya siku mbili. Lakini hizo siku mbili sikujua kama nimeua watu." Akavua miwani, akaifuta. "Maua yalifika, ndiyo. Hata moja halikuvunjika. Mkubwa wangu alinisifu. Ndio nikaanza kufunza."

Nilimmiminia chai iliyobaki kwenye chupa kikapuni mwake, tukanywa wote kikombe kimoja kwa zamu hadi mawe yakaisha. Tuliposhuka chini bonde lilikuwa limefunguka, ziwa linang'aa, na jua limepiga mlima Longonot upande mmoja. Alianza kuokota vitanzi kimoja kimoja, akiimba kidogo puani.

Kihoto

Nililala kwa binamu yangu mjini Naivasha, na Jumapili asubuhi nikaenda mtaa wa Kihoto, kando ya ziwa, kumuaga Mwalimu. Alinionyesha alama ya maji kwenye ukuta wa jikoni, juu ya kiuno changu. Ziwa liliingia, wakahama miezi, wakarudi, wakapaka rangi kila mahali isipokuwa ule mstari. "Wageni wanaupenda," akasema.

Sweta lilikuwa limekamilika. Lilikuwa la mjukuu wake. Alilitandaza mezani, na hata mimi nisiyejua kufuma niliona: sehemu ya chini, ile ya Bahati, ilikuwa na mafundo na mistari iliyopinda, lakini kadiri ilivyopanda kwenda mabegani ilinyooka.

"Sasa nimefaulu?" nikamwuliza.

"Kwani kuna kufaulu?" akasema. "Jana ulipona. Leo anza tena." Akanifungia samaki wa kukaanga kwenye gazeti, akanipa mkono. Nilipowasha gari alisimama getini kwake akitega sikio. Niliachia klachi polepole mno. Alitikisa kichwa kukubali, akaingia ndani.

Kikopey na nyumbani

Nikipita Gilgil simu ikalia. Nikaegesha kwanza, ndipo nikapokea. Ni Mwanaidi.

"Uko wapi?"

"Gilgil."

"Mimi niko Kikopey. Nina njaa."

Alikuwa amepanda gari la abiria kutoka Nakuru, amekaa kwenye bucha moja ya Waislamu, na nyama tayari iko motoni. Kaja na simu yake, na kwenye simu ile video. Alinionyesha kabla hata sijanawa mikono. Alikuwa ameitazama mara nyingi, na kila nilipofika nusu ya kanisa alicheka upya mpaka machozi yakamtoka, akajifuta na ncha ya mtandio. Watu wa meza ya pili wakaomba kuiona. Mchoma nyama akaacha jiko akaja kuiona. Mbavu za mbuzi zikaungua kidogo upande mmoja, na hakuna aliyelalamika.

Tulikula kwa mikono, kachumbari yenye pilipili nyingi, ugali moto. Nilimweleza kuhusu meza ya parachichi. Nilimweleza pia kuhusu lori la Kinangop, lote, bila kupunguza. Nilidhani atanyamaza kama alivyonyamaza siku ile ya Subukia. Alisikiliza, akauliza nilifanya nini, nikamwambia. Akauliza Mwalimu alisema nini, nikamwambia hilo pia. Akachukua kipande cha nyama akakiweka upande wangu wa sinia.

Tulipomaliza nilikuwa najiandaa kumsindikiza hadi kituoni. Yeye alichukua mkoba wake, akatembea hadi kwenye gari, akafungua mlango wa kushoto, akaingia. Nikazunguka upande wangu haraka kabla hajabadilisha mawazo.

Nilifunga paa, jua lilikuwa kali. Ziwa Elementaita lilitupita kushoto, flamingo wachache kando ya maji. Malori yalikuwa mengi, kama kila Jumapili. Niliacha nafasi, zikajazwa, nikaacha nyingine. Karibu na Mbaruk nilimwuliza kama ataka kusimama kununua mahindi ya kuchoma. Hakujibu. Nikageuka nusu sekunde.

Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea dirishani, mdomo umefunguka kidogo, mkono umelegea pajani, kiganja juu. Huyu ni mtu ambaye tangu afiwe na kaka yake hafumbi macho garini, hata kwenye basi, hata safari ya kwenda Mombasa.

Niliingia Nakuru nikishika usukani kama nimebeba mtoto mchanga. Nilipita mzunguko, nikapita soko, nikapita duka letu. Mlinipungia mikono, nilikuoneni, na sikuitikia. Nikafika kwetu. Lango lilikuwa mbele yangu. Nikajua nikisimama ataamka, basi nikapita.

Nilikuwa nimeshazunguka mtaa mara mbili, naelekea barabara ya Bahati, aliposema huku macho bado amefumba:

"Baba Salma, pale si ndipo kwetu?"

"Ndipo."

"Basi unanipeleka wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

Alijinyoosha, akajifunga mtandio vizuri chini ya kidevu, akakaa sawa.

"Haya," akasema. "Lakini fungua paa."

Nikaegesha kando, nikalifungua.